Wanasema Nilikunywa Maziwa, Basi Kesi Imeisha

Alhamisi, Bomet.

Mvua ya leo haikuwa na adabu. Kwa kawaida hapa kwetu hungoja watu wale chakula cha mchana kwanza ndipo inyeshe, lakini leo imeanza asubuhi na haijaacha mpaka sasa ninapoandika. Nimerudi nyumbani nimelowa hadi soksi. Nyuzi walizonishona juu ya jicho zinanivuta kila nikikunja uso, na leo nimeukunja siku nzima.

Nimechoka na watu.

Naandika hivyo nikijua kesho nitaona aibu kuisoma. Lakini leo ndiyo hali, na blogu ni yangu, kwa hivyo acha ikae.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Akinyi, ni kondakta wa matatu. Gari letu hufanya njia ya Merigi na Bomet. Dereva wangu ni Rono, kijana mtaratibu ambaye husema maneno machache kwa siku kuliko redio yake kwa dakika. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai Kericho, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, katikati ya chai. Kwa hivyo mimi ni wa hapa na si wa hapa, inategemea nani ameulizwa na amekasirika kiasi gani. Kikipsigis, lugha ya huku, nakisikia. Kukisema, najua cha kutosha kubishana na mtu kuhusu gunia la viazi.

Na jicho langu liliumizwa wiki jana, siku ya soko, Merigi.

Hakuna hadithi ndefu hapo. Gari lilikuwa limejaa. Kila kiti kilikuwa na mtu na kila mtu alikuwa amefunga mkanda, maana mimi sipandishi mtu wa kukalia ubao katikati ya viti. Rono ameniambia mara nyingi kwamba mimi ndiye kondakta wa pekee njia hii anayehesabu mikanda kabla ya kuhesabu watu. Akaja Bwana Tonui. Ni mtu anayejulikana, ana ng'ombe wa maziwa wazuri, kanisani anakaa kiti cha mbele. Akashika mlango. Nikamwambia kwa heshima zangu zote, "Mzee, gari imejaa. Ile ya nyuma inatoka sasa hivi, hata haitachukua muda." Nikafunga mlango.

Akanipiga na mwavuli. Si ule upande wa kitambaa. Mpini, ule wa mti uliopinda.

Sikuanguka. Niliketi chini mwenyewe kwa sababu damu iliingia jichoni na sikuona tena mlango uko wapi. Mama mmoja muuza vitunguu alinipa leso yake, mpaka leo sijamjua ni nani hasa nimrudishie. Na nikiwa bado nimeketi pale kwenye matope, leso usoni, mtu akainama kando yangu akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Kwani ulimfanyia nini?"

Hilo ndilo swali la mwezi. Nimeulizwa na jirani, nimeulizwa na mwimbaji mwenzangu wa kwaya, nimeulizwa na mtu wa boda ambaye hata hakunijua jina. Mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Kericho, akalia kwanza, halafu akasema, "Nyathina, mwanangu, ulimjibu vibaya?" Nikamwambia, mama, nilifunga mlango. Akauliza kama niliufunga kwa nguvu.

Mtu akimpiga karani wa benki kwa sababu dirisha limefungwa, atakuwa amelala sakafuni na askari juu yake kabla hajamaliza kutukana. Akipigwa kondakta, watu huuliza kwanza alikuwa na mdomo kiasi gani. Sisi tunaonekana kama sehemu ya gari. Mtu akikosa subira hupiga mlango teke, akikosa subira zaidi humpiga aliyeushika. Wenzangu wengi njia hii wamesukumwa, wamemwagiwa chai ya moto, mmoja alivutwa kwa shati gari likitembea. Wanacheka wakisimulia. Nami nilikuwa nikicheka nao, kwa sababu ukisimulia bila kucheka wanakuambia tafuta kazi ya ofisini.

Rono alinifikisha hospitali Longisa, nikashonwa vizuri, na daktari akaniambia nipitie polisi kabla ya kwenda kulala. Nikapitia. Afande aliyeniandika ni mwanamke, si mtu wa huku, ametoka sehemu za Ukambani. Hakuniuliza nilimfanyia nini. Aliniuliza alinipiga na nini. Niliposikia swali lile nilitaka kumkumbatia. Bwana Tonui akaitwa, akahojiwa, akaachiliwa mpaka Jumatatu ijayo, siku ambayo tunatakiwa sote kortini.

Basi nikadhani hiyo ndiyo njia. Nyuzi zitatolewa, korti itaamua, maisha yataendelea.

Kumbe kwetu sikujui.

Jambo la kwanza, sacco, ushirika wa magari yetu, ikanitoa kwenye zamu. Hapa steji kila gari na watu wake lina zamu, na mtu akiumia jina lake linarukwa mpaka apone. Hilo naelewa. Lakini mimi siumwi mguu, siumwi mkono. Mwenyekiti wetu aliniambia waziwazi kwamba uso wangu utafukuza abiria. "Wataona hiyo bandeji waseme hii gari ina vita." Kwa hivyo mimi niliyepigwa nimekaa nyumbani nikitazama mvua, na aliyenipiga anapanda magari yetu asubuhi na jioni, anakwenda anakotaka, na makondakta wenzangu wanamfungulia mlango. Sacco yetu ina sheria ya kila kitu. Kuna sheria ya sauti ya redio. Kuna sheria ya viatu. Kuna sheria ya kutotafuna miwa ndani ya gari. Ya mtu akikupiga kazini, haipo. Nimeitafuta.

Jambo la pili ni lile la Jumapili, ambalo ndilo limenileta kwenye kuandika haya.

Jumapili baada ya kanisa mwenyekiti alinipigia simu kwamba kuna wageni wanataka kuja kunijulia hali. Nikafagia, nikatandika kitambaa cha meza, nikaweka maji ya chai. Wakaja watatu: mwenyekiti mwenyewe, mke wa Bwana Tonui, na kaka mkubwa wa Bwana Tonui, mzee mpole mwenye kofia aliyoivua kabla hajaingia. Yeye Bwana Tonui hakuja. Sikushangaa sana. Nilisema labda ana haya, na nikamhesabia hilo kuwa zuri.

Mama yule alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya huku. Sijui kama mmewahi kuona kibuyu kilichotunzwa vizuri, kimesuguliwa na mafuta mpaka kinang'aa, kifuniko kimepambwa na shanga. Akakitikisa, akamimina. Yale maziwa yalitoka mazito, yana rangi ile ya kijivu kidogo ya mkaa wa mti, harufu yake ya moshi ikajaa nyumba. Akanipa mimi kwanza, kwa mikono miwili.

Mimi nimelelewa na mama ambaye angekufinya paja ukirudisha kikombe cha mgeni. Kwetu, mtu akija na kitu mkononi, unakipokea na unakila mbele yake. Huulizi. Kwa hivyo nikanywa. Na nitasema ukweli hata kama unaniumiza: ilikuwa mursik tamu sana. Nilimaliza kikombe. Mama yule akatabasamu, akaongeza, nikamaliza na cha pili.

Mzee akasimama, akaomba kwa Kikipsigis, maombi marefu na mazuri yenye majina ya Mungu na ya watoto na ya mvua. Nikasema amina kwa sauti. Wakaniambia kongoi, ndiyo asante yao, wakanishika mkono wote, mwenyekiti akanishika mkono mara mbili. Waliondoka wakicheka hadi barabarani. Nikabaki mlangoni nikifikiri, hawa ni watu wema, angalau jamii yake imenijali.

Nikawapungia mkono. Naona aibu nikikumbuka. Nikawapungia mkono mpaka wakapotea kwenye kona.

Leo asubuhi mwenyekiti ameniita ofisini. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la mbolea, ukiingia unapiga chafya kwanza. Nilikwenda na moyo mweupe kwa sababu nilidhani ananirudisha kwenye zamu.

"Akinyi, hiyo maneno yako iliisha Jumapili," alisema kabla sijaketi vizuri. "Sasa enda tu kituoni uambie afande mmeelewana. Mimi nishampigia. Kesho asubuhi uko kwa gari."

Nikamuuliza nimeelewana na nani.

"Si ulikunywa?"

Nikadhani ananitania. Nikacheka hata. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma, kwamba maziwa yale yalikuwa ya kumaliza maneno. Jamii imekuja, imeleta maziwa, aliyekosewa amekunywa, mzee ameomba, basi. Hakuna tena kesi. Ukienda kortini sasa ni kama unatapika baraka.

"Hakuna mtu aliniambia," nikasema.

"Sasa ungeambiwa nini? Umeishi hapa miaka yako yote." Halafu akaegemea kiti, akatabasamu. "Na ukaongezewa! Mzee alifurahi sana. Alisema huyu mama ana roho safi, amekunywa mpaka ya pili."

Nimewahi kupigwa na mwavuli na sikuona kizunguzungu kama cha leo. Nilimwambia nilikunywa kwa sababu nilikuwa na wageni. Akasema hiyo ni juu yangu. Nikamuuliza, Bwana Tonui mwenyewe amesema pole? Akasema kaka yake alisema kwa niaba. Nikamwambia kaka yake hakunipiga. Hapo akaanza kuchoka nami, nikaona uso wake umebadilika. Akaniambia wale ni watu wakubwa, ndio wenyeji wa njia hii, gari zetu zinapita mbele ya maboma yao kila siku, na kwamba watu wa kwetu huko ziwani tunajulikana kwa kupenda kesi.

Watu wa kwetu. Mimi ambaye nimezaliwa Kericho na meno yangu yote yamekua kwa maziwa ya huku.

Nikamwambia, sawa mwenyekiti, nitaiacha kesi, lakini weka sheria moja tu. Mtu akimpiga dereva au kondakta, asipande gari lolote la sacco hii mpaka mambo yake yaishe. Lolote. Afungiwe mlango na kila mtu. Hiyo tu. Sitaki kingine.

Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Sasa tubebe nani, Akinyi? Malaika?"

Kisha akanipa chaguo langu, bila hasira, akiangalia simu yake. Nikienda kituoni leo nikasema tumeelewana, kesho niko kwenye gari. Nikienda kortini Jumatatu, nipumzike nyumbani. Nipumzike mpaka lini, hakusema.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliposhuka zile ngazi nilikuwa nimeshakubali. Sikuwa nimeamua, nilikuwa tu nimechoka. Naipenda kazi yangu. Napenda asubuhi gari likiwa bado baridi, wanawake wa chai wanapanda na mabuti yao ya mpira wakinukia majani mabichi, wananiita kwa jina. Napenda kuujua mlango ule, unavyokwama kidogo ukilowa. Nilijiambia kwamba jicho litapona, na kwamba wengine wamepigwa zaidi yangu wakanyamaza na wako kazini. Nilikuwa naelekea kituoni kuiondoa kesi. Hiyo ndiyo kweli.

Njia ya kituoni inapita steji yetu. Gari letu lilikuwa mbele kwenye foleni, injini inanguruma, Rono kwenye usukani, na kondakta mwingine ameshika mlango wangu. Na kiti cha mbele, kile cha kando ya dereva, ameketi Bwana Tonui, mwavuli katikati ya magoti.

Aliteremsha kioo mwenyewe. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Chamgei, madam," akasema. "Mungu ni mwema. Tulimaliza."

Ningeweza kuitikia na kupita. Nilifungua mdomo niseme hivyo, na kikatoka kitu kingine.

"Bwana Tonui, tulimaliza mimi na nani? Wewe hukuja kwangu."

"Mke wangu alikuja. Ndugu yangu alikuja."

"Hao hawakunipiga. Wewe ulinipiga. Sema tu pole hapa, mbele ya hawa watu, na mimi naenda kituoni sasa hivi kuiondoa hiyo kesi."

Naapa nilimaanisha. Neno moja lile, na leo ningekuwa naandika kuhusu mvua. Abiria walitutazama. Hata wauza mahindi ya kuchoma waligeuka. Bwana Tonui alitazama mbele, akatazama mkono wake kwenye mwavuli, na taya lake likaanza kutafuna hewa.

"Ulinifungia mlango," akasema. "Mbele ya soko mzima. Mtu kama mimi. Sasa ulitaka nifanye nini?"

Akapandisha kioo.

Mtu fulani kiti cha nyuma akasema, "Dere, twende, tunachelewa." Nikamtazama Rono. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anaangalia wipa zinavyokwenda na kurudi. Rono alikuwepo siku ile. Aliona kila kitu kwenye kioo chake cha pembeni, ndiye aliyenibeba, damu yangu iliingia kwenye zulia la gari. Afande amemwita aandike alichoona na mpaka leo hajaenda. Nikamngoja aseme neno. Aliweka gia, gari likaondoka, magurudumu yakanirushia maji mpaka magotini.

Nilisimama pale kama mti. Nilimkasirikia Rono kuliko nilivyomkasirikia yule mwenye mwavuli. Kwa yule sikutarajia lolote.

Basi nikaenda kituoni, lakini si kwa lile nililokuwa nimeliendea.

Afande alikuwa ametoka kula, nikamngoja kwenye benchi huku maji yakinichuruzika mpaka yakafanya kidimbwi. Aliporudi alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Mwenyekiti wenu amenipigia. Unaondoa?"

Nikasema siondoi.

Akakaa. Akaniambia wazi kwamba bila shahidi kazi ni ngumu. Neno langu litakuwa moja na lake moja, na lake lina kaka, lina mke, lina kiti cha mbele kanisani. Akauliza yule dereva yuko wapi. Nikasema yuko barabarani, amembeba mshtakiwa. Sikutaka kucheka, lakini tulicheka wote wawili, kicheko kile kibaya cha watu waliochoka. Akasema kama niko tayari kusimama peke yangu, hatanizuia. Nikasema niko tayari. Sikuwa tayari.

Tulikuwa bado tumeketi vile mlango uliposukumwa, Rono akaingia, kofia mkononi, analowesha sakafu kama mimi.

Hakunisalimia. Alimwambia afande, "Nimekuja kuandikisha ile maneno ya Merigi." Afande akavuta kalamu. Nikamuuliza gari liko wapi. Akasema amelipaki, ameshusha watu Merigi akarudi bila mtu. Dereva kurudi bila mtu, siku ya mvua, watu wamejaa barabarani wanapunga mikono. Hapo nilijua amejimaliza.

"Mbona umekuja sasa?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akaikung'uta kofia yake maji kwanza. Rono ni mtu wa kuchukua muda.

"Alipokuwa anashuka alinishika bega," akasema. "Akaniambia mimi ni kijana mzuri, najua kunyamaza." Akakunja kofia. "Niliskia vibaya, Akinyi. Niliskia vibaya sana."

Aliandikisha kila kitu. Mlango, mpini, damu, na hata maneno ya leo ya kwenye kiti cha mbele. Mwishoni afande akaweka kalamu chini akauliza, kwa sababu huko kwao hawana jambo hili na lilikuwa linamsumbua tangu simu ya mwenyekiti, "Sasa hii maneno ya maziwa ni nini? Kwamba huyu alikunywa, kesi ikaisha?"

Rono akanitazama mara ya kwanza tangu aingie. Nikaona anataka kucheka na anaogopa nitamrukia.

"Kwetu nyumbani vile nimeona ikifanywa, hiyo maziwa inakunywa watu wawili," akasema. "Mwenye alipiga na mwenye alipigwa. Wanakaa pamoja, kikombe ni moja, anakunywa huyu, anakunywa yule. Sasa huyo mzee hakukuwa. Hapo Akinyi alikunywa tu maziwa."

"Vikombe viwili," nikasema.

"Viwili," akasema Rono. "Alikuwa na njaa."

Afande alifunika uso na faili akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nami nikacheka, na nyuzi zikanivuta, na machozi yakatoka ambayo sijui yalikuwa ya nini hasa.

Sasa ni jioni, niko na blanketi mabegani. Nimekaa na hasira yangu hapa nikijaribu kuipanga na haipangiki. Sina hasira na maziwa. Sina hasira na yule mzee wa kofia, maombi yake yalikuwa ya kweli, naamini hivyo. Hata yule mama aliyemimina, mikono yake ilitetemeka kidogo, nami nikadhani ni uzito wa kibuyu. Labda naye ameshazoea kubebeshwa pole za mtu mwingine. Nikifikiri hivyo hasira inapungua, halafu nakumbuka kile kioo kikipanda na inarudi yote.

Kinachonichosha ni jinsi kila mtu alivyofanya bidii. Mwenyekiti amepiga simu, ametembea mpaka kwangu Jumapili, amemwita mzee, amesumbua afande. Kazi yote hiyo, watu wote hao, ili mtu mmoja asiseme neno moja. Nusu ya bidii hiyo ingetosha kutuwekea sheria, na hakuna kondakta njia hii ambaye angehitaji kusimulia huku akicheka.

Ninaogopa Jumatatu. Naogopa wakili wake, naogopa watu watakaojaa mle ndani wakinitazama, naogopa kusahau maneno. Naogopa kwamba tutashindwa, halafu nikutane naye kwenye kila soko maisha yangu yote. Na naogopa zaidi kwa ajili ya Rono, ambaye ana mtoto mchanga na gari si lake.

Mama amenipigia tena. Nimemweleza yote. Safari hii hakuniuliza niliufunga mlango kwa nguvu kiasi gani. Ameuliza korti inaanza saa ngapi na kama kuna mahali pa kukaa pasipo na upepo, kwa sababu ya kifua chake. Nimemwambia safari ni ndefu, abaki tu. Amekata simu.

Na sasa hivi, nikiwa naandika mstari huu, ujumbe wa mwenyekiti umeingia. Ameutuma kwangu na kwa Rono pamoja. Hakuna salamu. Anasema tusionekane steji, na kwamba kesho asubuhi kabla ya gari la kwanza kutoka, sote wawili turudishe sare za sacco, zikiwa zimefuliwa.

Rono amejibu mara moja kwamba amesikia. Halafu amenitumia mimi peke yangu: "Yako ni safi?"

Nimeinuka kuitazama. Shati la rangi ya damu ya mzee, jina la sacco limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa nyeupe, mtu anaweza kulisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Au akiwa ameketi juu, kwenye kiti cha hakimu.

Nimeliloweka. Likikauka nitalipiga pasi vizuri, kola na yote.

Mwenyekiti atazipata sare zake. Atazipata Jumanne.